Lugha ya Maadili katika Mafunzo ya Walimu

Neno maadili lina ukoo na neno adili, ambalo Kiswahili kililipokea kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni haki na usawa. Shaaban Robert alipomtunga mtu mwema wa kisa chake kilichopigwa chapa mwaka 1952, alimpa neno hilo liwe jina lake, na kitabu kikaitwa Adili na Nduguze. Msomaji mwenyeji hakuhitaji kuelezwa ni mtu wa namna gani aliyekusudiwa. Karibu na neno hilo yamesimama maneno mengine matatu ambayo mara nyingi huchanganywa nalo. Adabu ni mwenendo mzuri wa mtu mbele ya wenziwe. Nidhamu ni kufuata mpango na utaratibu uliowekwa. Mwiko, neno la Kibantu, ni jambo lililokatazwa kabisa, ambalo mtu halitendi hata pasipokuwapo mtu wa kumwona. Mwalimu huyahitaji yote manne, lakini si kitu kimoja, na mafunzo ya maadili yasiyoyapambanua maneno haya huanza kombo.

Upambanuzi huu si mchezo wa wataalamu wa msamiati. Mtoto aliyedhulumiwa shuleni aweza kudhulumiwa mara mbili: mara ya kwanza kwa tendo lenyewe, na mara ya pili kwa maneno ambayo tendo hilo huelezwa nayo katika taarifa, katika kikao cha shule na midomoni mwa watu. Dhuluma ya kwanza hutendwa na mtu mmoja; ya pili hutendwa na watu wengi, aghalabu pasipo wao kujua. Kwa hiyo yafaa kuchunguza ni maneno gani yatumikayo katika kuwafunza walimu maadili, yanaonyesha nini na yanaficha nini.

Fikira ya kuwa na kanuni za maadili ya ualimu si ngeni. Tarehe 5 Oktoba 1966, mkutano wa serikali mbalimbali uliofanyika Paris ulipitisha Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani na UNESCO juu ya hali ya walimu, na humo likaelezwa kwamba vyama vya walimu vyenyewe vinapaswa kuweka kanuni za maadili na mwenendo. Mwaka uliofuata, Azimio la Arusha lilieneza nchini Tanzania maneno miiko ya uongozi, na hivyo neno lililokuwa la mila likaingia katika siasa na katika utumishi wa umma. Nchini Kenya, Tume ya Kuajiri Walimu ilianza kazi mwaka 1967, ikapewa sheria mpya mwaka 2012, na kanuni zake za maadili zikatolewa mwaka 2015. Nchini Tanzania, tume iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1989 ilifuatiwa na Tume ya Utumishi wa Walimu iliyoundwa kwa Sheria Na. 25 ya mwaka 2015. Basi hapana anayeweza kusema kwamba kanuni hazipo. Swali lililobaki ni jinsi zinavyofunzwa.

Aghalabu kanuni hizo hufunzwa kwa orodha. Mwalimu mwanafunzi husomewa kwamba hafai kulewa, kuchelewa kazini, kuvaa mavazi yasiyo ya staha, kutumia lugha ya matusi, kupokea rushwa, na kuwa na mahusiano na wanafunzi. Mambo yote haya huwekwa chini ya jina moja: ukiukaji wa maadili, au utovu wa nidhamu. Orodha ina faida yake, kwa kuwa hukumbukwa upesi na huulizwa kwa urahisi katika mtihani. Walakini ina dosari kubwa: huyasawazisha yasiyo sawa. Aliyechelewa kipindi na aliyemwingilia mtoto hukutana chini ya nomino ile ile, na msikilizaji asiye makini hudhani kwamba tofauti yao ni ya kiasi tu.

Ni hapa ndipo maana za asili za maneno husaidia. Mwalimu anayechelewa amevunja nidhamu: ameharibu mpango wa kazi, na anayemdai ni mwajiri wake. Mwalimu anayetukana amekosa adabu. Lakini mwalimu anayemdhulumu mtoto amevunja adili, yaani haki; na katika haki mdai wa kwanza si ofisi, wala si jina jema la shule, bali ni mtoto. Kosa hilo linapoitwa utovu wa nidhamu, mdai hubadilishwa pasipo mtu kuona: mtoto huondolewa katika daawa yake, na ofisi hukaa mahali pake. Ndipo inapowezekana kulimaliza jambo kwa kumhamisha mwalimu kituo, maana nidhamu ya kituo cha kwanza imerudi, na mtoto hakuulizwa.

Neno la pili linalostahili kupimwa ni mahusiano, pamoja na ndugu zake: uhusiano wa kimapenzi, uhusiano usiofaa, na katika mazungumzo ya kila siku, kutembea na mwanafunzi. Kitenzi kuhusiana kina kiambishi cha kutendana, ambacho huonyesha kwamba tendo linakwenda na kurudi baina ya watu wawili walio sawa katika kulitenda: kupendana, kusaidiana, kupigana. Kutembea na mtu nako humfanya mtu wa pili kuwa mwenzi wa safari. Sarufi ya maneno haya yote humgawia mtoto nusu ya tendo.

Sheria haisemi hivyo. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya Tanzania ya mwaka 1998 iliweka wazi kwamba mwanamume anayemwingilia msichana asiyetimiza miaka 18 amebaka, awe ameridhiwa au hakuridhiwa, isipokuwa katika hali chache za ndoa zilizotajwa. Nayo ikalitaja mahususi kosa la mtu mwenye mamlaka anayetumia cheo chake kumwingilia mwanamke aliye chini ya mamlaka hayo. Kenya ilitunga sheria yake ya makosa ya ngono mwaka 2006, na mwaka 2010 Tume ya Kuajiri Walimu ikatoa Waraka Na. 3 juu ya kuwalinda wanafunzi, unaomhesabu kuwa mkosaji hata yule anayelijua jambo akalinyamazia au akasaidia kulificha. Kwa hiyo pana pengo baina ya lugha ya sheria na lugha ya ukumbi wa walimu. Sheria husema ubakaji. Ukumbi husema mahusiano. Mwalimu kijana aliyefunzwa kwa lugha ya ukumbi atashangaa siku atakapoisikia lugha ya sheria, na huo utakuwa mshangao uliochelewa.

Jambo la tatu lahusu vitenzi, na hasa kauli zake. Kiswahili kina utajiri mkubwa wa kumtaja mtenda au kumwacha. Zipimwe sentensi tatu: Mwalimu amemwumiza mtoto, Mtoto ameumizwa, Mtoto ameumia. Katika ya kwanza mtenda yupo mbele ya kila mtu. Katika ya pili hayupo, lakini kauli ya kutendwa inakiri kwamba lazima awepo, na msikilizaji ana njia ya kuuliza: ameumizwa na nani? Katika ya tatu hata njia ya swali hilo imezibwa. Mtoto ameumia kama aumiavyo mtu aliyejikwaa njiani. Ndivyo ilivyo pia baina ya Mwalimu amemvunja mkono, Mkono umevunjwa, na Mkono umevunjika. Hizi ni ngazi tatu za kushuka, na taarifa nyingi zenye kutia haya huandikwa katika ngazi ya chini kabisa. Hapana kosa la sarufi katika kuumia wala katika kuvunjika. Pana uchaguzi, na anayechagua ni mwandishi wa taarifa.

Mfano ulio mkubwa kuliko yote ni wa ujauzito. Husemwa kwamba msichana amepata mimba. Kupata ni kitenzi cha kutenda, na kiima chake ni msichana. Kwa sarufi, yeye ndiye aliyefanya jambo. Wengine husema amepewa mimba. Hapa mtenda anaonekana kwa mbali, lakini kitenzi ni kile cha zawadi, na anayepewa kitu huhesabiwa kuwa amekipokea. Ametiwa mimba ni kweli zaidi, kwa sababu humwonyesha aliyetiwa kuwa ni mtendwa tu, na huruhusu neno na likafuatwa na jina la mtia. Kisha yako maneno mimba za utotoni, ambayo hayana kitenzi wala mtenda, kana kwamba mimba ni maradhi yanayozuka yenyewe katika umri fulani, mithili ya surua.

Kwamba maneno haya yana uzito katika maisha ya watu, historia ya karibuni ya Tanzania yashuhudia. Kanuni za kufukuza wanafunzi za mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi afukuzwe kwa kosa dhidi ya maadili, na maneno hayo yakafasiriwa kuwa ni pamoja na ujauzito. Yafaa kutua hapa na kutazama kilichotendeka. Neno lile lile maadili, ambalo katika kanuni za walimu linamfunga mtu mzima, katika kanuni za wanafunzi lilimwangukia mtoto. Na msichana aliyetiwa mimba, hata na mwalimu wake, aliweza kuhesabiwa kuwa ndiye mvunja maadili. Mwaka 2016 sheria ya elimu ilirekebishwa ikaweka adhabu ya kifungo cha miaka 30 kwa anayemtia mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au ya sekondari. Hata hivyo msichana aliendelea kutolewa shuleni mpaka Novemba 2021, serikali ilipotangaza kwamba wasichana waliozaa wataruhusiwa kurudi masomoni. Septemba 2022, Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto ilitoa uamuzi kwamba kuwapima wasichana mimba kwa lazima na kuwafukuza kulivunja haki zao. Maneno kosa dhidi ya maadili hayakuwa sababu ya pekee ya hayo yote. Lakini ndiyo yaliyokuwa mlango.

Neno la nne ni rushwa ya ngono. Sheria ya kupambana na rushwa ya Tanzania ya mwaka 2007 iliutaja waziwazi unyanyasaji wa namna hii, na maneno haya ya Kiswahili yamefaa sana kuutia nuru uovu uliokuwa gizani. Hapana haja ya kuyatupa. Lakini mkufunzi hana budi kueleza mpaka wake. Rushwa katika mazoea ya watu ina watu wawili wenye hatia, mtoaji na mpokeaji. Mwanafunzi anayetakiwa mwili wake ili apewe alama alizokwisha kuzistahili hatoi rushwa, ananyang'anywa. Akisikia tendo hilo likiitwa rushwa naye hajaelezwa zaidi, aweza kujiona kuwa ni mtoaji, na mtoaji wa rushwa haendi kushtaki. Basi yafaa mwalimu ajue neno hilo linamshtaki nani, na amweleze mwanafunzi vivyo hivyo.

Neno la tano ni adhabu. Asili yake katika Kiarabu ni mateso, na maana hiyo haijafa katika Kiswahili, kama inavyoonekana katika usemi adhabu ya kaburi. Shuleni, hata hivyo, adhabu huchukuliwa kuwa ni kitu chenye mpaka na utaratibu. Kanuni za Tanzania Bara za mwaka 2002 zinasema kwamba viboko visizidi vinne. Kwamba vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi. Kwamba umri, jinsia na afya ya mwanafunzi vitazamwe. Na kwamba kila adhabu iandikwe katika kitabu. Kenya ilikwenda mbali zaidi: ilifuta viboko shuleni mwaka 2001, Katiba ya mwaka 2010 ikamkinga kila mtu na adhabu ya mwili, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikayatia nguvu makatazo hayo.

Kwa hiyo nchini Tanzania neno adhabu lina ukuta, na nje ya ukuta huo tendo halina haki ya kuitwa hivyo. Kiboko cha tano si adhabu, wala ngumi si adhabu, wala teke si adhabu. Ni kipigo, na kwa sheria chaweza kuwa ni shambulio. Oktoba 2016, watu wengi waliona katika simu zao picha za walimu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha wakimpiga kwa pamoja mwanafunzi wa sekondari jijini Mbeya. Vyuo vyao viliwaondoa masomoni. Linalowahusu wanaofunza walimu katika tukio hilo ni kwamba waliohusika hawakuwa walimu wakongwe waliochoshwa na kazi. Walikuwa wametoka darasani, mahali ambapo kanuni husomwa. Na hapo ndipo ionekanapo kwamba kuisoma kanuni ni jambo moja, na kujua jina la tendo ambalo mkono wako unalitenda ni jambo lingine.

Haitoshi kuwalaumu watu bila ya kuitazama hazina ya lugha waliyolelewa nayo. Methali husema mchelea mwana kulia hulia yeye, na samaki mkunje angali mbichi. Methali hizi hutajwa sana katika kuitetea fimbo. Lakini yapasa kuzisoma vizuri. Ya kwanza yasema juu ya mlezi anayeogopa machozi ya mtoto, haisemi kwamba machozi hayo yatafutwe. Ya pili yasema juu ya kukunja, na anayekunja samaki mbichi huangalia asimvunje. Mkufunzi hodari hawezi kuziondoa methali vichwani mwa wanafunzi wake, wala hapaswi. Aweza kuwaonyesha kwamba zinasema kidogo kuliko zinavyosemeshwa.

Zaidi ya hayo, usemi wa kwamba mwalimu ni mzazi wa pili unahitaji uangalizi. Ni usemi mzuri, na umewalea watoto wengi ambao nyumbani hawakuwa na mlezi. Lakini ukizazi una pande mbili. Upande wa kwanza ni mamlaka: mzazi huagiza, hukaripia, hutuma. Upande wa pili ni haramu: mzazi hamtazami mtoto wake kwa jicho la tamaa, na hilo katika mila zote za nchi hizi ni mwiko usiohitaji kuandikwa. Ikiwa mwalimu atautwaa upande wa mamlaka, akamtuma mwanafunzi kupeleka madaftari nyumbani kwake au kumtekea maji, lazima autwae na upande wa haramu. Anayelichukua neno mzazi kwa nusu yake ameliiba.

Pengine mtu atapinga akisema kwamba Kiswahili ni lugha ya staha, kwamba tafsida ni pambo lake, na kwamba kuwataka walimu waseme mambo waziwazi ni kuwafundisha utovu wa adabu. Pingamizi hili ni zito, na halijibiwi kwa kulidharau. Jibu lake laweza kupatikana mahakamani. Katika hukumu kadhaa za miaka ya 2010, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikabiliwa na swali hili: mtoto anapotoa ushahidi na kusema tu kwamba mshtakiwa alimfanyia tabia mbaya, au akatumia neno lingine la kuzungukia, je, amethibitisha kosa la kuingiliwa? Mahakama ilikubali kwamba, kwa kutazama mila na malezi, maneno ya namna hiyo yanaweza kubeba maana kamili, na kwamba si haki kumtaka mtoto aseme maneno ambayo jamii yake imemkataza kuyasema.

Katika uamuzi huo mna somo la maana kwa kila mwalimu. Tafsida ya mtoto na tafsida ya mkubwa si ndugu. Mtoto huficha neno kwa sababu ya heshima na haya aliyofunzwa, naye hutaraji kwamba mkubwa anayemsikiliza atalifunua. Mkubwa mwenye dhamana anapoficha neno, hutaraji kwamba hapana atakayelifunua. Ya kwanza hailindi mtu mwingine ila msemaji mwenyewe. Ya pili humlinda mkosaji. Basi staha haipotei. Inayotakiwa ni kila tafsida ipate haki yake: ya mtoto ipokewe kwa upole na ifasiriwe, na ya mwenye dhamana irudishwe mezani iandikwe upya.

Kutokana na hayo, mafunzo ya maadili yaweza kupangwa kwa njia isiyohitaji fedha nyingi. Kwanza, kila kanuni isomwayo iandikwe upya na wanafunzi wenyewe kwa sentensi yenye mtenda, kitenzi cha kutenda na mtendwa. Badala ya mahusiano na wanafunzi ni marufuku, iandikwe: mwalimu anayemwingilia mwanafunzi aliye chini ya miaka 18 ametenda kosa la jinai. Badala ya adhabu zitolewe kwa kuzingatia taratibu, iandikwe nani aweza kuchapa, viboko vingapi, kwa ruhusa ya nani, na inaandikwa wapi. Kazi hiyo ndogo hufunua upesi ni nani ameielewa kanuni na nani ameikariri.

Pili, wafunzwe kuandika taarifa. Ichukuliwe taarifa ya kubuni kama hii: Mwanafunzi wa kidato cha pili amepata ujauzito kutokana na mahusiano yasiyofaa, na suala limeshughulikiwa kwa kushirikiana na familia. Sentensi hii ni safi kwa sarufi, na haina mtu mzima hata mmoja ndani yake. Wanafunzi waulize: Nani anatuhumiwa? Kwa tendo gani? Mtoto ana umri gani? Limetokea lini na wapi? Nani aliarifiwa, na siku gani? Kushughulikiwa ni kufanywa nini? Kisha waiandike upya: Mwanafunzi wa miaka 15 amemwambia mwalimu wa malezi kwamba mwalimu wake wa somo alimwingilia nyumbani kwa mwalimu huyo, mkuu wa shule aliarifiwa siku hiyo hiyo, naye akalipeleka jambo kwa ofisa wa ustawi wa jamii na katika dawati la polisi la jinsia na watoto. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa habari kwa serikali ya mtaa au ya halmashauri anapojua kwamba haki za mtoto zinavunjwa. Taarifa ya pili inautimiza wajibu huo, na ya kwanza inauzika.

Ionekane pia kwamba taarifa ya pili haikuhukumu. Imesema mtoto amemwambia mwalimu wa malezi. Haikusema kwamba mtuhumiwa amekwisha thibitika kuwa na hatia. Wako walimu wanaoogopa lugha ya wazi kwa kuhofu kusingiziwa, na hofu yao si ya kupuuzwa. Lakini uvumi ndio unaomwangamiza asiye na kosa, kwa maana uvumi hauna tarehe wala mahali, wala hauwezi kupimwa. Maneno yaliyotaja nani, nini, wapi na lini yaweza kuchunguzwa yakaonekana kuwa ni kweli au si kweli. Lugha inayomlinda mtoto ndiyo hiyo hiyo inayomlinda mwalimu mwema.

Tatu, mafunzo yashuke kwenye mambo madogo yaliyo kabla ya kosa, kwa sababu dhuluma kubwa haianzi kwa jina lake. Huanza kwa ujumbe wa simu wa usiku usiohusu masomo, kwa zawadi inayofichwa, kwa masomo ya ziada ya mwanafunzi mmoja katika chumba kilichofungwa, kwa kutumwa nyumbani kwa mwalimu mara kwa mara, kwa kuitwa mke wangu mbele ya darasa kwa mzaha. Mwalimu kijana apewe mifano hii na aulizwe aseme kwa maneno yake ni hatua ipi imevuka mpaka na kwa nini. Mzaha wa mke wangu, hasa, ustahili kuchunguzwa na wenye ujuzi wa lugha. Utani katika nchi hizi una wenyewe: babu humwita mjukuu mke wake, na kila asikiaye ajua kwamba mzaha huo unakingwa na ujamaa wao. Mwalimu hana utani huo na mwanafunzi, na mzaha usio na kinga si utani tena.

Nne, wafunzwe kusikiliza. Mtoto asemaye alinifanyia tabia mbaya asijibiwe kwa karipio la kutumia maneno ya aibu, wala asijaziwe maneno mdomoni. Aulizwe kwa utulivu: ilikuwaje? Kisha maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema, bila ya kuyasafisha, kwa kuwa yule atakayeyafasiri mbele ya sheria huyahitaji yakiwa hai.

Lugha peke yake haitazuia uovu. Pasipo wakaguzi, pasipo viongozi wanaochukua hatua, na pasipo mahali salama pa kushtakia, sentensi nzuri hubaki karatasini. Lakini mambo hayo yote huanza pale mtu mmoja anaposema kilichotendeka, na hawezi kusema ikiwa alifunzwa maneno ya kuficha tu. Wazee walifundisha mwiko kwa kuutaja: usifanye hiki, kwa mtu huyu. Hawakusema kwamba kuna mambo yasiyofaa yanayoweza kujitokeza.